Nilivyokwenda Maskati Kufundishwa Kunyamaza

Nimekwenda Maskati kwa sababu ya Raya. Mtaani walidhani nnakwenda kutibiwa goti, na mie niliwaacha wadhani. Raya ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Zuwena. Kazaliwa huko huko, na sasa ni mwalimu wa skuli ya sekondari ya wasichana. Mie nimeishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Yeye kasoma mpaka Chuo Kikuu. Nisijivune kwa nini?

Raya alianzisha mafunzo ya afya ya akili. Anawafundisha wasichana kuwasikiliza wenzao waliolemewa moyoni, na kujua neno lipi zito mno la kukaa nalo, wampelekee mshauri wa skuli haraka. Baadhi ya wazazi wakaja juu: watoto wetu si wendawazimu! Mwalimu mkuu akamwambia Raya awaite kina mama. Wakikubali, mafunzo yaendelee. Wakikataa, afunge.

Zuwena aliponieleza, nikamwambia, "Nitumieni tikiti. Hao kina mama nataka kuwaona kwa macho yangu."

Siku ya kuondoka Unguja nilifungasha vileja, karafuu na kanga mpya. Ndege ilipopaa nilisoma kila dua ninayoijua. Nilipomaliza nikaanza upya, kwa sauti, mpaka mhudumu akadhani nnamwita.

Tulipotua Maskati, kijana wa pasipoti aliniuliza kitu kwa Kiarabu. Nikamjibu, "Mwanangu, sema pole pole, mie mgeni." Akacheka. "Karibu, bibi! Mama yangu kazaliwa Pemba."

"Basi we mjukuu wangu. Gonga muhuri twende."

Akagonga. Nje joto lilinivaa usoni kama nimefunua sufuria la biriani.

Zuwena anakaa Ruwi, ghorofani, chini kuna fundi cherehani na duka la simu. Jioni ile jirani yake alikuja kunikaribisha kwa kahawa. Vikombe vyao vidogo, havina mkono. Nikanywa, nikamrudishia. Akajaza. Nikanywa tena, nikamrudishia. Akajaza. Kwetu ukimiminiwa na mwenyeji ukaacha, umemdharau, basi nikawa nnakunywa tu, moyo unaenda mbio kama mwali aliyesikia ngoma. Zuwena kaziba mdomo kwa mtandio, anacheka.

"Mama, kitikise kikombe! Usipokitikisa hawaachi kumimina!"

"Na wewe ulikuwa unangoja nini, nianguke?"

Kesho yake tukaenda skuli. Ukumbi ulikuwa na kina mama wa kutosha, wengi wanakijua Kiswahili, mabaibui meusi, mikono imekunjwa, kama waliokuja kusikiliza kesi. Raya alisimama mbele na nikaona anazipanga upya karatasi alizokwisha kuzipanga. Mtoto yule tangu mdogo hababaiki kwa kitu. Hapo nikajua mafunzo haya kayaweka moyoni.

Hajasema sana, mama mmoja akanyanyuka. Wanamwita Mama Shamsa, wazee wake walitoka Tabora, Kiswahili chake kimenyooka. "Mwalimu, mwanangu ana Qur-ani na ana mama. Akiwa na lake ataniambia mimi. Haya ya akili ni ya hospitali."

Raya akamjibu kwa adabu. "Mama, hivyo viwili hatumpokonyi. Akiumwa jino unamsomea dua, na kwa daktari unampeleka. Naomba tu mtazame wanachojifunza, kisha mseme." Halafu akageuka. "Bibi yangu, njoo."

Sikuwa nimeambiwa. Nikapanda jukwaani na goti langu. Raya akaita mwanafunzi, na kumbe ni Shamsa mwenyewe, msichana mwembamba mwenye miwani. Akampa kikombe cha kahawa kitupu. Amri ni hii: mwenye kikombe anasema, mwenzake anasikiliza tu. Hana ruhusa ya kushauri wala kukatiza mpaka kikombe kitikiswe.

Shamsa akaanza. "Mitihani ikikaribia silali, bibi. Moyo unanidunda..."

"Kunywa maziwa ya moto," nikamwambia, "utie habasoda, na simu uiache sebuleni!"

Ukumbi mzima ulicheka. "Bibi! Kikombe hajakitikisa!" Raya akasema.

"Haya, haya. Sema, mwanangu."

"Na chakula hakipiti. Naogopa nikifeli..."

"Huli? Mtoto mzima huli? Ndiyo maana umekuwa kama mshikaki!"

Hata wale waliokunja mikono waliikunjua kujifuta machozi. Mie nilikuwa sichezi. Ulimi wenyewe ulikwenda, kabla yangu.

Raya akatubadilishia. Kikombe nikapewa mie, Shamsa asikilize. Nikajiambia, ntaeleza habari za goti, tumalize. Nikaeleza goti. Shamsa kimya, macho kwangu. Nikangoja aseme kitu, hasemi. Basi nikaendelea, na sijui yalitokea wapi, nikajikuta nnasema kwamba watoto wangu wote wamevuka bahari, na mpaka leo siwezi kupika wali wa mtu mmoja. Kila siku nnatia mchele wa watu wanane, kisha nnagawa mtaani, watu wananisifu ukarimu. Si ukarimu. Mkono umekataa kujifunza.

Shamsa hakuniambia nihamie Oman wala nishukuru Mungu nna afya. Alingoja. Kisha akauliza taratibu, "Na wakati gani inakuwa nzito zaidi, bibi?"

"Ninapoosha sufuria," nikasema. Nikalia kidogo, nikapenga, nikakitikisa kikombe. Wallahi nilijisikia kama nimevua viatu vilivyonibana.

Mama Shamsa alikuwa keshasimama. "Huyu ni wangu? Huyu nyumbani hata chumvi haombi!"

Shamsa akatazama chini. "Naanza kusema, mama, na wewe unanijibu kabla sijamaliza."

"Hapo tuko wawili, mama," nikamwambia yule mama. "Umeniona mwenyewe."

Akacheka, macho yake yamejaa. Akakaa, akanyanyuka tena. "Mwanangu ataendelea. Lakini na sie mtufundishe. Haiwezekani watoto wajue kusikiliza na mama zao hawajui." Wengine wakaitikia, Kiarabu na Kiswahili vimechanganyika, mikono juu. Mwalimu mkuu akasema mafunzo yanaendelea, na darasa la kina mama litaanza wiki ijayo. Raya alikaa chini kama aliyetuliwa gunia.

Jioni alinichukua Matrah. Tulipita sokoni kwenye ubani na vitambaa, akanunua halwa akaanza kuila njiani kwa vidole, mwalimu mzima.

"Bibi, wewe ndiye mwanafunzi mbaya kuliko wote niliopata."

"Na ndiye niliyekuokoa."

"Ndiye," akasema, akaniegemea begani.

Nimerudi Unguja. Juzi nikaenda skuli ya sekondari ya hapa mtaani kumwambia mwalimu mkuu kwamba mjukuu wangu anakuja likizo, awafundishe watoto na sie wazee. Akaanza: ratiba imejaa, vyumba havitoshi, wazazi watasema, na haya mambo watu wetu hawajayazoea. Kila sababu nilikuwa na jibu lake, kali, mdomoni. Nikalimeza. Nikamtazama kama Shamsa alivyonitazama. Akaongeza sababu nyingine, ndogo zaidi. Nikangoja. Akakohoa, akapangapanga kalamu zake. Nikangoja. Mwishowe akasema mwenyewe, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba kuna wasichana wawili wameacha kuja skuli na hajui walilemewa na nini, na linamnyima raha.

Kisha akaziacha kalamu zake.

"Basi, bibi," akasema. "Mwambie aje."