Nilimweka baba yangu kwenye runinga ili mwanangu amjibu

Wakuu, sogeeni. Aliyeshika chai aendelee nayo, hii haitaki mtu aache kitu.

Ninayoandika hapa ni kweli. Wanaonijua humu watasema huyu jamaa chumvi anapima kwa debe, na sikatai. Lakini leo nimeipunguza. Nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kudanganya sana.

Ni miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Wa umri wangu mnaikumbuka. Tukuyu mjini jana hakuna sabuni, kesho yake zipo za rangi saba. Mitumba ikaja mingi mpaka mbuzi wa mtaani kwetu walikuwa wanavaa jinzi.

Kahawa nayo ikaachiwa wanunuzi binafsi. Ghala la chama cha ushirika kule kwetu Suma likabaki na popo na harufu ya magunia. Likumbukeni hilo ghala.

Mimi nilikuwa fundi redio pale mjini. Tena fundi msomi. Nilisoma masomo ya jioni miaka sita, natoka kibandani na harufu ya risasi ya kuchomelea naingia darasani, mpaka nikapata cheti cha form four. Kiingereza changu kilikuwa cha kumfanya Mwingereza aombe kamusi.

Na hicho cheti ndicho kilichoniponza.

Nilitangaza nyumbani kwangu kwamba kuanzia leo hapa ni Kiswahili na Kiingereza tu, Kinyakyusa kitatuchelewesha. Mke wangu Subilaga, mtoto wa Kisiba, alinitazama, akasema, "Sawa, mwalimu," akaendelea kumenya ndizi.

Binti yetu Atupele akakua hivyo. Ana miaka saba, Kiswahili kinateleza, Kinyakyusa hajui hata salamu. Na mimi najisifu mbele za watu.

Baba yangu, Mzee Asajile, alikuwa anaishi Suma. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: ndiyo, hapana, pole, ghali. Lakini kwa lugha yake wakuu, yule mzee alikuwa anasimulia hadithi ya sungura mpaka mvua ya Tukuyu inasimama kusikiliza. Na mvua ya Tukuyu haisimamagi, huwa inabadilisha zamu tu.

Sasa wasiotoka kwetu niwaeleze jambo moja, bila hilo mtapotea.

Kwetu, kwa desturi ya wazee, mke na baba mkwe wake hawaonani. Mke hamtazami usoni wala hatamki jina lake. Akisikia anakuja, anajifunika khanga na kupita nyuma ya migomba. Si ugomvi, ni heshima. Wakiwa na la kuambiana, mtoto ndiye anayebeba maneno. Mama anasema jikoni, mtoto anapeleka sebuleni, babu anajibu, mtoto anarudisha.

Nyumbani kwangu mbebaji alikuwa Atupele.

Babu akija mjini, anamwambia kitu, mtoto anakimbia mpaka jikoni, anasimama pale hana cha kutoa.

"Mama, babu kasema maneno."

Basi. Maneno gani, hajui. Mimi nilikuwa nacheka. Subilaga hakuwa anacheka.

Halafu koo la baba likaanza kukwaruza. Nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari akaniambia kwa upole kuwa kuna uvimbe, na sauti itaendelea kupungua mpaka iishe. Lini, hakuweza kusema.

Tulipokaribia nyumbani baba akaniambia kwa Kinyakyusa, nawatafsiria: "Mwanao ni mgeni wangu. Namkaribisha, anakula, anaondoka."

Wakuu, nilipigwa na shoti nyingi kwenye ufundi wangu. Ile ndiyo bado inauma.

Pale hospitali kulikuwa na dada mmoja wa kujitolea kutoka Canada. Nilikuwa nimemtengenezea redio yake, na alipoondoka akaniachia runinga, deki na kaseti chache. Kaseti moja ilikuwa kipindi cha watoto wa watu wanaoishi kwenye barafu, kaskazini kabisa ya kwao. Kulikuwa na vikaragosi vinavyoongea, watoto mashavu mekundu, na bibi mmoja anashona viatu vya ngozi huku anasimulia.

Yule dada alinieleza kwamba runinga zilipofika kwa wale watu, zilikuja na Kiingereza mpaka ndani ya nyumba, na watoto wakaanza kuacha kuwajibu bibi zao. Wazee wakaona hiyo mashine haitaondoka, basi nayo ijifunze lugha yao. Wakatengeneza vipindi vyao wenyewe.

Nikaanza kuwaonyesha watoto wa mtaani kaseti ile, na kwa kuwa mimi ni msomi, nikawa natafsiri. Lugha ile sijui hata neno moja. Nilitafsiri kaseti nzima. Bibi anashona, mimi nasema, "Hapa anawaambia wanawe wasome masomo ya jioni."

Siku moja baba akawepo. Subilaga jikoni, kama kawaida. Baba akatazama kipindi chote bila kukohoa. Kilipoisha akasema:

"Yule bibi anajibiwa."

Nilielewa. Lugha ile hata yeye hakuijua, ila aliona bibi akinyamaza, watoto wanamwitikia. Kwetu pia ndivyo hadithi inavyokwenda, msimulizi anatua na wasikilizaji wanasema "Eena", yaani ndiyo, endelea. Asipoitikiwa, hasogei.

Pale pale nikaamua na mimi natengeneza kipindi, sauti ya baba ikiwa bado ipo.

Nikamfuata Ipyana, mpiga video wa harusi, mwenye kamera kubwa kama jeneza la mtoto wa tembo. Tukaenda Suma. Vikaragosi tukavitengeneza kwa magunzi na magome ya migomba. Sungura wetu alitoka na sura ya mwenyekiti wa kijiji, nikamwacha hivyo hivyo.

Baba akavaa koti, akakaa kwenye kigoda, akaanza. Akasimulia kidogo, akanyamaza. Anaitazama kamera. Kamera kimya.

"Mbona haiitikii?" akauliza.

Nikamwambia baba wewe endelea tu. Akaendelea kwa shida, lakini kila mahali pa kuitikiwa alinyamaza na kusubiri. Mapengo kibao! Nikamwambia Ipyana ayakate. Akanijibu kwamba yeye hukata keki tu, mashine ya kukata kaseti hana.

Nikakodi jenereta, nikaazima lile ghala la kahawa. Jumapili mchana, baada ya ibada, nikatangaza kwa kipaza sauti kijiji kizima kuwa kuna picha ya watoto. Sikusema ni nani yumo ndani. Nilitaka iwe surprise.

Walikuja watu kama elfu nane. Haya, mia na ishirini. Akina mama mbele na watoto mapajani, mvua inapiga bati. Subilaga safu ya kwanza, Atupele juu ya magoti yake.

Nikabonyeza deki.

Uso wa baba ukajaa kioo kizima.

Subilaga aliinama kama aliyerushiwa jiwe. Khanga kichwani, mtoto mkononi, akatoka akikipa kioo mgongo, akiambaa ukuta. Wake wa kaka zangu nyuma yake. Kisha wake wote walioolewa kwenye ukoo wetu, na Suma nzima ni kama ukoo wetu. Watoto wakafuata mama zao. Hata dakika haikuisha. Wakabaki wazee watano, Ipyana na popo.

Nilikuwa nimefikiria mafuta ya jenereta, waya, mpaka turubai. Nilikulia ndani ya desturi ile, na sikukumbuka kuwa uso ni uso hata ukiwa kwenye kioo.

Badala ya kuona aibu, nikakasirika. Nikaacha kaseti iendelee kuwasimulia popo, nikatoka. Wanawake wamejipanga chini ya upenu wa ghala, mvua inawarukia miguuni. Mbele yao wote nikamwambia mke wangu ananiaibisha, kile ni kioo tu, yeye ni mtu wa mjini.

Hakupandisha sauti.

"Miaka tisa sijamtazama baba yako usoni. Nimelala kwa heshima hiyo, nimeamka nayo. Leo umenionyesha uso wake mbele ya watu, halafu unaniambia kioo."

Nikarudi ndani kwa wazee, na jenereta nayo ikazimika.

Wazee wakaamua nipeleke jogoo kwa baba na khanga mpya kwa mke wangu. Jogoo alikuwa mkubwa, njiani watu walimsalimia kabla yangu. Baba akampokea, lakini alikuwa amenyong'onyea. "Kwa hiyo nimewatazama wakwe zangu bila kuwepo," akasema. Akasema kaseti ile ifungiwe. Sauti ilikuwa imeshashuka, unamsogelea ndipo umsikie.

Wiki mbili baadaye akaja mjini kwa ajili ya hospitali. Nimekaa naye sebuleni. Jikoni namsikia Subilaga anaongea na Atupele, kitu kile kile, tena na tena, kama anamfundisha wimbo.

Mtoto akatokea. Akasimama mbele ya babu yake, mikono nyuma, na kwa Kinyakyusa cha kujikwaa akasema sentensi moja nzima:

"Mama anasema, funika uso, acha sauti."

Baba akageuka kunitazama mimi. Halafu akamtazama mtoto. Akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena. Nadhani alirudia mara mia moja, na hapa siongezi kitu.

Subilaga alikuja kunieleza baadaye. Siku ile chini ya upenu walisimama wanasikiliza kupitia ukuta. Sauti ya mkwe kwao si kosa, wameizoea toka nyuma ya migomba. Jenereta ikazimika sungura akiwa bado shimoni, na wote walirudi nyumbani wanataka kujua alitokaje.

Jumapili iliyofuata tukarudi ghalani. Kitenge kizito juu ya kioo. Watoto mbele, wenye ruhusa ya kuinua pindo na kumchungulia babu. Mama zao nyuma kabisa, wamegeukia ukuta.

Sauti ya baba ikaanza. Ikafika pengo la kwanza, lile nililotaka likatwe.

Kimya.

Kisha kutoka nyuma, sauti ya mwanamke: "Eena."

Baba kwenye kaseti akaendelea, utadhani ndiye aliyekuwa akimsubiri.

Pengo la pili wakaitikia wanawake wote. La tatu na watoto. La nne nikamsikia Atupele, kichwa kimeingia chote chini ya kitenge, anaitikia peke yake kwa nguvu kabla ya wenzake.

Tulionyesha Jumapili kadhaa. Kisha likafunguliwa banda la video jirani, lina picha za karate, na watoto ni watoto. Sikushindana nalo.

Mavuno ya maharage yalipofika, sauti ya baba ilikuwa imekwisha kabisa.

Alikuja kwetu siku moja mchana, akakaa. Atupele akavuta kigoda, akaanza kumsimulia hadithi ya sungura. Makosa matupu. Sungura aliingia shimoni mara mbili na kutoka mara tatu. Kila alipotua, babu aligonga fimbo yake sakafuni. Na nyuma ya pazia la jikoni Subilaga akasema polepole, "Eena."

Hadithi ilipoisha mzee akaashiria kwa mkono. Mtoto akakimbia jikoni.

"Mama, babu hajasema kitu. Ila nimeelewa."

Akarudi na maji ya moto yenye asali. Ndicho mzee alichotaka.

Baba tulimzika mwaka uliofuata.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani runinga ndiyo itamrudisha mwanangu kwa babu yake. Waliomrudisha ni mama yake kule jikoni na yale mapengo niliyotaka yakatwe. Na wale wazee wa barafu nafikiri walilijua hilo kabla ya kushika kamera.

Atupele sasa yuko Dar, ana mtoto wa miaka sita. Kijana anatazama katuni kwenye simu, ananiita grandpa. Mimi kutoa matangazo nyumbani kwa watu nilishaacha. Kaseti imeota ukungu mweupe, deki ilikufa zamani, na fundi msomi imemshinda. Mwenye deki nzima ya VHS, Mbeya au Dar, ani-PM.

Juzi nilimsimulia huyo mjukuu hadithi ya sungura kwa simu. Nikafika pale pa kutua, nikanyamaza.

Akaniuliza kama network imekata.

Nikamwambia hapana mwanangu, nakusubiri wewe.

Waliopitia haya na wazazi wao au watoto wao, leteni yenu hapa. Mimi nimetua.