Lita Mia Nne na Kiti Kimoja

Kazi ya Wiebke Lüers, kwa miaka ishirini na mitatu, ilikuwa kujaza mabuti ya magari, ile nafasi ya mizigo nyuma. Jarida letu la magari lilikuwa na wanaume wanne wa kuendesha, kupiga breki na kubishana juu ya injini. Yeye aliachiwa yale ambayo familia huyauliza kwanza: watoto wataenea nyuma? Kigari cha mtoto kitaingia? Alikuwa na vipande vya mbao mfano wa matofali, kila kimoja kikiwa na ujazo wa lita moja kamili. Alivipanga ndani ya buti kimoja kimoja mpaka nafasi iishe, kisha akavitoa akivihesabu kwa sauti, nami nikaandika. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na mgongo wa mtu wa themanini.

Mumewe, Hartmut, alikuwa amefunga milango ya nyuma ya magari kiwandani kwa miaka ishirini na minane. Mji wetu una kiwanda kimoja na gari moja: lile la milango mitano, si kubwa si dogo, ambalo mtu hulinunua akipata mtoto wa kwanza na kuliuza wa mwisho akihama nyumbani. Ukileta gari la kampuni nyingine mtaani kwetu, majirani wanakuuliza kama umefukuzwa kazi.

Miaka minne iliyopita Hartmut alipata kiharusi, upande wa kulia. Tangu hapo siku zake zilifanana zote, isipokuwa Jumamosi. Jumamosi Wiebke alikunja kiti chake cha magurudumu, akakitia nyuma ya gari lao la zamani, wakaenda kwenye bustani yao ndogo ng'ambo ya reli. Huko Hartmut aliketi kando ya vichaka vya zabibu nyekundu na kulalamika jinsi mkewe anavyovipogoa. Nyumbani alisema maneno kumi kwa siku. Bustanini hakunyamaza.

Mwezi wa pili lile gari la zamani likashindwa kwenye ukaguzi. Lilikuwa limeoza chini. Jumamosi sita zikapita Hartmut akiwa dirishani.

"Tununue lile refu lenye kizingiti cha buti kilicho chini," Wiebke alimwambia.

"Lile la kigeni? Ule mkebe wa mikate?" Hartmut alisema. "Nikifa nibebwe na lolote. Nikiwa hai, nabebwa na letu."

Kisha toleo jipya la gari letu likatoka, na Hartmut akakariri kijitabu chake chote. Buti lilikuwa limeongezwa lita ishirini. "Lita ishirini, Wiebke! Kiti kitalala humo kama mtoto."

Gari lilifika ofisini kwetu kwa tathmini siku ya Alhamisi. Wiebke alipanga vipande vyake asubuhi nzima, akipumzika kila baada ya hamsini, mkono kiunoni. Torsten, mkuu wa majaribio, alipita na kikombe chake cha kahawa.

"Mama Matofali! Kiwanda kinasema mia nne. Wewe unasemaje?"

"Mia tatu tisini na nane."

"Mbili umezila."

"Nimekubakizia wewe, hukupata kifungua kinywa."

Torsten akaenda zake akicheka. Wiebke hakucheka. Alichukua tepu akapima upana wa mlango, kisha kimo cha kizingiti kutoka ardhini, akarudia tena. Lita ishirini zilikuwepo kweli, ila zilikuwa kwenye shimo chini ya sakafu ya buti na kwenye vifuko viwili nyuma ya magurudumu. Taa mpya, kubwa na za kupendeza, zilikuwa zimeubana mlango, na kizingiti kilikuwa kimepanda hadi sentimita sabini na moja.

"Mwambie tu Hartmut," nilimshauri.

"Hataamini tepu," alisema. "Mlango atauamini."

Ijumaa gari la kubebea wagonjwa likamleta Hartmut ofisini. Alilitazama gari jipya. Akapitisha kidole cha mkono wa kushoto kwenye ufa kati ya mlango wa nyuma na bodi, polepole, kutoka juu mpaka chini.

"Wamebana vizuri," alisema. "Haya, weka."

Tulimsaidia kuhamia kwenye kiti cha kawaida. Wiebke akakunja kile cha magurudumu, akakiinua, akakiegemeza kwa goti kwenye bampa. Gurudumu likagonga taa. Akakigeuza. Likagonga upande wa pili. Akakishusha chini, akavuta pumzi, akakiinua tena. Torsten, aliyekuwa akiandika karibu, akatupa kalamu.

"Niachie mimi, Wiebke, utajivunja."

"Jumamosi utakuwepo?" Hartmut akamuuliza.

"Jumamosi ipi?"

"Zote."

Torsten akarudi nyuma. Wiebke akang'oa magurudumu yote mawili makubwa, akalaza fremu, akapachika magurudumu juu yake, na mlango ukafungwa. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Umeona? Kinaingia," alisema.

"Kutoka nyumbani, kukiinua mara moja. Kufika, ya pili. Kuondoka, ya tatu. Kurudi, ya nne," Hartmut akahesabu.

"Naweza."

"Najua unaweza. Hilo ndilo linaloniudhi." Akalitazama buti. "Hizo lita zimekwenda wapi?"

Wiebke akafungua tena, akainua ubao wa sakafu akamwonyesha shimo, kisha vile vifuko viwili. Hartmut akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka.

"Wametengeneza buti la viazi."

Wiebke akarudisha ubao wa sakafu. Nilijua anachokifikiria mkewe: kwamba hapo ndipo Jumamosi zilipoishia.

"Ule mkebe wa mikate," Hartmut akasema, "kizingiti chake ni ngapi?"

"Hamsini na saba."

"Na wewe uliupa alama gani?"

"Nne." Kwetu moja ndiyo bora, na nne ni karibu na kuanguka.

"Kwa kosa gani?"

"Niliandika kwamba unafanana na gari la kuuzia mikate."

"Si unafanana kweli?" alisema Hartmut. "Nipe kiti changu. Nimechoka."

Jioni ile Wiebke alilipa buti la gari jipya alama mbili. Nilimtazama. Akasema ni buti zuri kwa watu wengi, na hawezi kuliadhibu kwa sababu ya mgongo wake. Aliniomba niongeze sentensi moja tu: kwamba kizingiti kiko juu, na mnunuzi aje dukani na kile anachokibeba kila wiki.

Mkebe wa mikate waliununua mwezi wa nne, uliokwishatumika, rangi ya kijivu. Bustani yetu iko njia ileile, kwa hiyo niliwaona Jumamosi ya kwanza. Eckhard, aliyefunga milango pamoja na Hartmut, alikuwa akichimba ng'ambo ya ua. Akaegemea jembe lake.

"Hartmut! Umeanza kuuza mikate?"

"Imekwisha. Wahi kesho."

"Na hiyo rangi? Au mmeazima kwa wazika maiti?"

"Chimba, Eckhard. Viazi vyako vinasikiliza."

Wiebke alifungua mlango wa nyuma akakitelezesha kiti nje bila kukiinua kwa goti. Akamhamishia Hartmut kitini, akamsogeza kivulini kando ya gari. Halafu, badala ya kuchukua mkasi wa kupogolea, akaketi kwenye kizingiti cha buti. Kilikuwa chini vya kutosha kukalia. Akaweka mikono magotini.

"Zile zabibu hazijapogolewa tangu mwaka jana," Hartmut akasema.

"Dakika moja."

Alikaa kama robo saa. Hartmut hakulalamika. Alikuwa akipitisha kidole chake kwenye ufa mpana wa mlango wa pembeni wa gari la kigeni, kutoka chini kwenda juu, mpaka pale mkono ulipofika, akitikisa kichwa.