Shati Lililorudishwa Mkononi

Shangazi yangu alishona matundu ya vifungo kwa miaka kumi na tisa, ndiyo maana kiwandani walimwita Mama Matundu. Asiyejua kazi yake angedhani ni mtu wa kutoboa mabati. Alikuwa mwembamba, mpole, msalimiaji wa kila mtu. Nilipolalamika kwamba shangazi hasemi, mama yangu, ambaye ni wifi yake, aliniambia maneno anayo tele, ila hayamwagi ovyo.

Kiwanda chenyewe kilikuwa ukumbi mmoja mrefu wa kushona sare za shule. Cherehani ishirini na mbili zilipangwa safu mbili, meza ya mkataji ikiwa mbele dirishani, ya pasi nyuma, na ofisi ya mwenye kiwanda pembeni, imetengwa kwa mbao na kioo. Msimamizi alikuwa bwana mmoja waliyembandika jina la Futi, kwa kuwa kamba ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda kula. Kazi aliijua. Akitupia jicho mkono wa shati tu, anakwambia ulipopinda. Ila mdomo wake haukuwa na breki. Aliyekosea aliitwa kipofu, mzigo, mikono ya mbao, tena kwa sauti ya kushinda cherehani zote. Wengine walicheka ili zamu yao isifike. Shangazi mwenyewe alikiri kwamba naye alicheka, miaka mingi tu.

Siku yenyewe kulikuwa na haraka ya mashati ya shule fulani. Mama aliyekaa kushoto kwa shangazi alikuwa anauguza mtoto, na mawazo yake yalibaki nyumbani. Akashona mifuko upande usio wake, mashati sita mfululizo. Futi alilinyanyua moja juu kila mtu alione, kisha akamrushia usoni. Shati likamfunika kichwa. Yule mama hakulitoa. Alikaa vilevile, shati kichwani, mabega yakitikisika. Safari hii hakuna aliyecheka.

Shangazi alizima cherehani yake. Akaenda, akaliondoa shati kichwani kwa mwenzake taratibu, akalikunja, akampelekea Futi.

"Kaka, mrudishie mkononi," alimwambia. "Mifuko ataifumua, hilo ni kosa lake. Lakini kurushiwa nguo usoni hatukuajiriwa kwa ajili hiyo."

Futi alimwamuru arudi kitini kabla hajamfukuza. Hakurudi. Nyuma yake cherehani moja ikazimwa, halafu nyingine, mpaka mkataji, mzee asiyeingilia la mtu, akaweka mkasi chini. Mwenye kiwanda alikuwa amezoea kelele. Kimya ndicho kilichomtoa ofisini.

Alipokwisha kuelezwa, alimwita shangazi kando akamuuliza kama anataka Futi aondolewe, yeye ashike nafasi yake. Shangazi alikataa. Alisema Futi akifukuzwa, mdomo ule ataupeleka kwa wenzao kwingine, na wao wataletewa mwingine wasiyemjua. Alichotaka ni mambo mawili tu: kosa la mtu lizungumzwe kwenye meza ndogo iliyo nyuma ya pasi, watu wawili, kwa sauti ya chini, na Futi aombe radhi mbele ya walewale walioona.

Futi alichukua siku tatu. Alipoomba radhi alikuwa anatazama sakafu, lakini shati alilirudisha mkononi. Baadaye alimfuata shangazi peke yake.

"Mwalimu wangu alikuwa ananipiga rula vidoleni, dada," alisema. "Nilidhani ufundi unaingia kwa njia hiyo."

Hakugeuka malaika. Mara nyingine maneno yalimtoka, na hapo mkataji alikohoa na kuelekeza kidevu kule nyuma, naye Futi akampeleka mkosaji mezani huku akinung'unika peke yake.

Macho yalipoanza kumsumbua, Futi aliacha kazi, na shangazi akapewa usimamizi. Mwaka wake wa pili ndipo na yeye alipoteleza. Kazi ilikuwa imerundikana, mwenye sare amepiga simu mara nne, na mshona vifungo mmoja, mama wa watoto watatu, akachanganya vifungo vyeupe na vya kijivu. Shangazi akamwambia mbele ya wote kwamba hata mtoto wa chekechea anamshinda. Yule mama alimaliza kazi yake, akaaga vizuri, na kesho yake hakuja.

Shangazi aliniomba nimsindikize nyumbani kwake. Aliomba radhi barazani, mbele ya mama mkwe wa yule mama na watoto wake, bila kusema haraka wala simu wala kuchoka. Tulipewa chai. Kisha mwenyeji wetu akasema amepata kazi kwa fundi wa jirani.

"Nimekusamehe, Mama Matundu. Kweli nimekusamehe. Ila nikikaa kwenye kile kiti, lile neno nitalisikia tena."

Njiani nilimwambia shangazi afadhali amesamehewa. Alinijibu kwamba hilo ni jema la yule mama. Linalomhusu yeye ni wale waliobaki, walioona na wakanyamaza.

Jumatatu, kabla cherehani hazijawashwa, aliwaeleza wote kwa kinywa chake: alilosema, alikokwenda, na jibu alilopewa. Akawaambia na yeye ana meza yake kule nyuma, atakayemwona anakosea amwite. Mkataji alikuwa wa kwanza kumwita, wiki hiyohiyo, kwa jambo dogo la namna alivyomjibu mpiga pasi. Alikwenda.

Kiti cha vifungo kilikaa wazi wiki tatu. Kila jioni, usimamizi ukiisha, shangazi alikikalia akashona vifungo mwenyewe, mpaka mtu mwingine alipopatikana.