Kauko na Betri Iliyoisha

Kauko Lehtiö ni jirani yangu wa ziwani tangu tukiwa na meno yetu yote, na katika umri wote huo ameingia nyumbani kwangu mara moja tu. Si kwamba tuna ugomvi. Kwetu hapa jirani mwema ni yule unayeuona moshi wake, basi. Gati lake na langu yanatazamana, katikati kuna maji kidogo tu, mtu akikohoa kule namsikia huku. Kila kiangazi tunapungiana mkono barafu ikishayeyuka, halafu tunanyamaza mpaka majani yaanze kudondoka, tupungiane tena.

Alikuwa mtu wa reli. Alifanya kazi kwenye kibanda cha ishara mpaka akastaafu, na tangazo la ofisi kwake ni amri. Ubao ukisema usipite, hapiti, hata kama njia nzima ni tupu na mvua inamnyea. Lakini mtu asiye na muhuri, hasa akiwa mke wake, huyo Kauko alimbishia mpaka akachoka mwenyewe.

Mkewe, Tuulikki, alikuwa na kifua kibovu. Usiku alilala na mashine ya kumsaidia kupumua, na mashine inataka umeme. Watu wa umeme walipokuja kuvuta waya upande wetu, walitaka nguzo zipite pembeni mwa kiwanja cha Kauko, yeye aunganishiwe wa kwanza. Nilikuwa natoka kuokota uyoga, nikasimama na kikapu changu nikasikia kila kitu.

"Huku tunakuja kupumzika," aliwaambia. "Ningetaka taa za mjini si ningebaki mjini?"

"Na mimi je?" Tuulikki akamuuliza. "Mimi nitapumuaje, Kauko?"

"Hewa ya huku safi. Hiyo mashine hutaihitaji."

Nguzo zikazungushwa nyuma, msituni, zikaja kwangu. Tuulikki akaja kiangazi kimoja zaidi, akakohoa mpaka akawa hana sauti, akarudi kwenye nyumba yao ya ghorofani mjini na ziwa hakuliona tena. Kauko akaendelea kuja peke yake, anakaanga samaki wake, anakula na mkate mweusi, anasoma kwa taa ya mafuta, anajiona yeye ndiye mtu halisi wa ziwani na sisi wengine ni watalii. Nilimchukia kwa hilo. Mpaka leo namchukia kidogo, ingawa ananisikitisha vilevile.

Tuulikki alifia hospitali, katikati ya kiangazi. Binti yao wa pekee, Outi, alishinda siku hiyo akimpigia baba yake simu, mama bado anaongea, bado anamuulizia mumewe. Simu haikupatikana. Kauko alikuja kupata habari kesho yake, alipopiga makasia kwenda kijijini kununua kahawa. Siku ya mazishi Outi alimvuta pembeni akamuuliza simu ilikuwa wapi.

"Iliisha chaji," akajibu. "Si unajua kule hakuna umeme."

Outi alihamia Kanada. Namba mpya hakumpa. Msimu mmoja wa baridi alijaribu kuongea naye kwa video, kwenye kompyuta, na alipoigusa tu habari ya ile simu, Kauko alikishusha kifuniko cha kompyuta, pa, akaifunga usoni mwa mwanawe. Baada ya hapo kikapita kimya cha miaka.

Halafu mwaka huu Outi akaandika mwenyewe. Ana mtoto, mtoto anauliza kama ana babu. Akasema atapiga Jumamosi mchana, baba awe ziwani, maana mtoto anataka kuliona ziwa. Wakielewana, kiangazi kijacho watakuja wakae. Haya yote nimeyajua baadaye, kwa kinywa cha Kauko mwenyewe. Wakati ule nilichokiona ni mzee wa ng'ambo ya maji akipaka gati lake rangi, akang'oa magugu, akatundika bembea kwenye msonobari. Nikasema moyoni, huyu kapatwa na nini?

Kompyuta yake ni ya kupakata, aliinunua ikiwa imeshatumika, lakini betri yake ilikuwa hodari. Alikuwa anaichaji kwenye maktaba ya kijijini, anairudisha kwenye mashua ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki, na ilimtosha alasiri nzima na bado ikabaki. Alijivunia hilo. Umeme wa watu wa ofisi, kama ule wa maktaba, huo haukumkera. Wa nguzo ndio aliokuwa hautaki.

Ijumaa alikwenda maktaba kama kawaida. Akiwa anasoma gazeti, kompyuta ikatoa tangazo: kuna sasisho muhimu la mfumo, tafadhali sasisha sasa. Mwingine angesema kesho. Kauko alibonyeza papo hapo, akakaa wima kuisubiri imalize, kama alivyokuwa akisubiri treni ipite. Dada wa maktaba, binti mwenye heshima zake, akamwona.

"Mzee Kauko, umefanya apdeti leo?"

"Wamesema muhimu."

"Ni muhimu, ndiyo. Ila hii mpya imetusumbua hata sisi. Ukishaiweka, mashine inafanya kazi zake ndani kwa ndani, inapanga mafaili yake, hata ukiifunga hailali. Betri inaisha mbio. Iache kwenye umeme siku mbili tatu, itatulia."

"Mbona imejaa? Tazama. Mia kwa mia."

"Imejaa sasa hivi, mzee. Nakwambia ukiondoka hapa."

"Ofisi haiwezi kukutumia kitu kibovu halafu ikakiita muhimu," akasema, akachomoa waya, akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi mchana akaifungua. Ilikuwa imelala usiku kucha imefungwa, haikuguswa na mtu, na chaji ilibaki nusu. Hapo akashtuka. Na hapo ndipo mimi nilipomwona. Nilikuwa dirishani naosha viazi. Alishuka mpaka gatini, kompyuta kwapani, waya wa kuchajia unaning'inia, akasimama anatazama kwangu.

Sauna yangu, kile chumba cha kuogea mvuke, ilikuwa imeshawashwa, moshi unapanda. Kwetu huendi kwa mtu ambaye sauna yake inapata moto, labda kama nyumba inaungua. Na hata bila moshi, angesema nini? Jirani, nipe kidogo kwenye zile nguzo nilizozifukuza? Alisimama pale, akasogeza mguu kuelekea kwenye mashua, akaurudisha. Mimi nami sikumpigia kelele, kwa sababu mtu akiwa kwenye gati lake mwenyewe huwa hatumuoni. Ndivyo tulivyo. Tumefundishwa kutosumbuana, na tumefuzu vizuri mno. Akageuka, akapanda kwake.

Akapiga hesabu ya zamani: nusu ya betri inatosha mazungumzo na kahawa juu yake. Akaiweka kompyuta kwenye meza ya nje. Jua lilikuwa kali, kioo hakionekani, akaongeza mwanga mpaka mwisho. Outi akapiga.

"Baba. Umekonda."

"Na wewe una mvi."

"Nimezirithi kwako. Sijapata kingine."

Akacheka, na Outi naye akacheka. Kauko aliponisimulia kicheko hicho alirudia mara mbili, kama mtu asiyeamini. Mtoto akaletwa kwenye kioo, akasema neno moja la lugha yetu, vibaya, wakamsifu. Anataka kuona ziwa. Kauko akaibeba kompyuta mikononi, akawaonyesha maji, akawaonyesha gati lenye rangi mpya, bembea, na kiti cha Tuulikki chini ya mti wake wa tufaha. Pale kwenye kiti Outi akamwambia asimame kidogo. Pembeni mwa kioo kale kapicha ka betri kakawa kekundu. Mtu wa reli, maisha yake yote alikuwa akisimamisha treni kwa taa ile, na siku hiyo aliiona nyekundu akapita. Zamani ikiwa nyekundu ilikuwa bado ina dakika zake nyingi.

Kauko akairudisha kompyuta mezani, na Outi akamwambia mtoto akacheze. Halafu akasema, taratibu:

"Baba, nakuuliza kitu kimoja, na sitakuuliza tena. Siku ile ya mama. Simu iliisha chaji kweli, au uliizima? Sema lolote, nitalipokea. Ila usinidanganye. Na usinifungie."

Sisi tukiulizwa jambo zito hatujibu haraka. Outi ni mtoto wa hapa, analijua hilo, alisubiri. Kauko akainamisha macho kwenye meza. Alikaa hivyo, anayapanga maneno yake. Halafu akayasema, yote, bila kuinua uso, mpaka la mwisho. Alipomaliza akatazama juu. Kioo kilikuwa cheusi, na ndani yake kulikuwa na uso wake mwenyewe.

Nilisikia makasia. Sijawahi kusikia Kauko akipiga makasia vile, kwa fujo, maji yanaruka. Akapanda ngazi zangu bila kugonga, kompyuta kifuani, viatu vimelowa.

"Raili. Umeme uko wapi?"

"Umeme? Kauko, una nini?"

"Nionyeshe tundu lake ukutani, mama wewe!"

Nikamwonyesha. Nikauchukua waya, nikachomeka mimi. Tukakaa mezani kungoja iwake, viazi vyangu vimepoa, sauna inawaka bure, na hapo ndipo aliponieleza kila kitu nilichowaeleza. Hakukoma mpaka mwisho.

"Ulimwambia nini?" nikamuuliza. "Kuhusu simu."

Alitazama meza yangu, kama alivyoitazama ya kwake.

"Nilimwambia ilikuwa na chaji. Ilikuwa imejaa, Raili. Niliizima mwenyewe. Samaki walikuwa wanauma siku ile, hawajawahi kuuma vile, na nilijua nikiiacha wazi Outi atapiga aseme nirudi. Nilimwambia, mama yako alikuwa ananiita na mimi nilikuwa navua."

Nilitaka kumpiga. Tuulikki, aliyekuwa ananiletea jamu ya matufaha hata baada ya zile nguzo, alikufa akiuliza mumewe yuko wapi, naye yuko pale kwenye mashua anasifia samaki. Lakini nilimtazama yule mzee, soksi zinachuruzika kwenye zulia langu, nikajua pia kwamba jambo hilo amelitamka mara moja tu tangu litokee, na ameiambia meza.

Kompyuta ikawaka. Ujumbe wa Outi ulikuwa unasubiri.

"Umenifungia tena. Basi, baba. Nimechoka."

Tukajaribu kumpigia. Hakupokea. Tukajaribu tena.

"Mwandikie," nikasema. "Yale yale uliyoniambia mimi sasa hivi. Neno kwa neno."

"Nimeshasema."

"Umesema wapi? Yeye hakusikia!"

"Jambo kama lile, Raili, mtu analisema mara moja."

"Huna haya? Mtoto anangoja kule na wewe unaleta ubishi wa reli hapa? Andika!"

Akainua kidole chake kimoja, kinene, kilichopasuka kwa baridi na kamba, akaanza kutafuta herufi. Nilifurahi. Nikainuka nikaweka kahawa motoni, nikijua itachukua muda, maana yana urefu maneno yale. Niliporudi alikuwa ameshaacha kuandika. Nikasoma juu ya bega lake.

"Betri iliisha."

"Usitume!" nikapiga kelele. "Kauko, kwa jina la Mungu, hayo siyo!"

"Ndiyo ukweli."

"Ndiyo ukweli, lakini hayo ulishayatumia siku ya mazishi!"

Sijui kama alinielewa. Tangu zamani ni mtu wa kuandika taarifa fupi: kilichotokea, basi. Akabonyeza. Tukakaa, na kahawa ikachemka ikafurika kwenye jiko, wala sikuinuka. Jibu halikuchelewa.

"Najua, baba. Kwako huwa inaisha."

Akalisoma. Akalisoma tena, midomo ikienda. Nikamwambia bado hajachelewa, ainue kile kidole aandike, nitamsaidia, nitaandika mimi aseme yeye. Kauko alikuwa anaukunja waya. Aliukunja vizuri, duara juu ya duara, kama wanavyofundishwa kule reli, na chaji ilikuwa haijafika hata robo.

Mlangoni akageuka, akavua kofia.

"Asante kwa umeme," akasema.

Nikamtazama akivuka, polepole safari hii. Alifunga mashua, akapanda, akapita kwenye kiti cha Tuulikki, na jioni ile nikaona ameteremsha bembea.