Nyota Tano kwa Kitabu Chekundu

Nichekeni tu, nimeshazoea.

Vita vilipomfukuza Mama Kavira kutoka Goma, alifika kwetu, mtaa wa Hewa Bora, na watoto wawili na karto moja, yaani boksi, ya vitabu. Mke wangu akawapa chumba. Karto ikabaki saluni, yaani sebuleni, karibu na kiti changu.

Siku hizo walimu wenzangu walikuwa wameniingiza kwenye programu ya simu ambamo kila mtu anaonyesha vitabu alivyosoma na kuvipa nyota. Wao walikuwa navyo tele. Mimi, mwalimu wa Kifaransa, nilikuwa na viwili. Basi nikapiga picha majalada ya vitabu vya mgeni wetu, nikabonyeza "nimesoma". Kimoja chekundu, kinene, kilikuwa chepesi ajabu mkononi. Sikujiuliza. Nikakipa nyota tano, nikaandika: "Mwisho wake ulinitoa machozi." Wenzangu wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Jumapili nikawaalika nyumbani kula bukari, ugali wetu. Mwenzangu Ilunga akakiona kitabu kwenye karto.

"Prof, si ndiyo hiki kilikutoa machozi? Tuelezee ule mwisho!"

Mama Kavira akaweka sahani chini.

"Papa, hiki ulikisoma?"

"Chote, mama."

Akainuka. Akakichukua, akakifungua mbele ya wote. Katikati kulikuwa na shimo la mraba, na ndani ya shimo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake.

"Tulikata makurasa yote kule Goma," akasema polepole, "juu ya kuficha makaratasi ya batoto ku bariere za njiani, basitunyanganye. Sasa papa, ule mwisho ulisomeaka wapi?"