Radhi ya Kasminah

Sarpin alikuwa mnunuzi wa nywele. Wanawake wa vijiji vya wilaya yetu ya Purbalingga hawatupi nywele zinazobaki kwenye kitana. Huziviringa, huzitia kwenye mfuko wa plastiki, huuning'iniza mfuko jikoni na kumsubiri mtu kama yeye apite na pikipiki, mkasi na mizani yake ndogo, akaziuze kwenye viwanda vya mawigi. Mkewe Kasminah, tuliyezoea kumwita Mama Rusmi kwa jina la binti yao, anayefunga kope za bandia nyumbani kwa malipo ya kiwanda, alizoea kumtania kwamba ameshika nywele za wake za watu kuliko msusi yeyote, na Sarpin hucheka mpaka akohoe.

Siku moja alivuka hadi wilaya ya jirani, ambako hawakumjua. Msichana wa shule mwenye nywele ndefu akamwuliza kama ananunua na za kukata. Sarpin akainama kumwambia akamwulize mama yake kwanza. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha vocha cha kijana aitwaye Ndaru, mwenye ukurasa wa habari za mitaani unaofuatwa na maelfu. Ndaru akachukua video: mzee mgeni, mfuko, mkasi, mtoto. Akaandika juu yake kwamba mwizi wa watoto ameingia. Sarpin hakufika mwisho wa barabara ile.

Polisi walimtoa mikononi mwa watu akiwa bado anapumua. Mfukoni wakakuta nywele, mama wa msichana akaeleza ukweli, wakamwachia. Lakini jicho la kushoto liliharibika, na tangu arudi nyumbani hakutoka tena uani. Majirani hawakusema kitu, maana sisi si watu wa kusema. Walianza tu kuwauzia nywele wanunuzi wengine, na kuwaita watoto wao ndani kila walipocheza karibu na nyumba ile.

Kasminah alitaka jambo moja: video iondolewe na watu waambiwe kwamba mumewe hakuiba mtoto wa mtu, ili atoke tena nje kama binadamu.

Alibonyeza pale pa kuripoti kwa kampuni yenye mtandao ule. Jibu likaja upesi, lenye adabu tele: video imepitiwa, haivunji kanuni. Akawaomba wenzake wa kope nao waripoti. Jibu lile lile, hata nukta haikubadilika. Nani aliyeipitia? Ana jina? Anajua Kijava chetu? Unaweza kukasirika mpaka mishipa ikutoke, hakuna wa kukasirikiwa. Na ukitaka kuitazama video yenyewe, unaanza kwanza na tangazo la maziwa ya watoto, na pesa ya tangazo inaingia kwa walewale wasioona kosa.

Akapanda basi hadi mjini kwa Wening, wakili kijana anayewasaidia watu wasio na uwezo.

"Mama Rusmi, kampuni siwezi kuifikia," Wening alisema. "Wanasema wao ni ukuta tu, walioandika ni watu."

"Ukuta gani huo unaolipwa?"

"Ndiyo hapo, mama."

"Basi serikali iwalazimishe! Si nasikia kuna sheria inatungwa, wakiambiwa waondoe, waondoe?"

Wening akafikicha macho. "Naitaka, na naiogopa. Wakulima wa bonde la chini walirusha video ya maji machafu ya kiwanda yakiingia mpungani. Ukimpa ofisa rungu la kufuta uongo, ya kwanza kufutwa ni ile."

"Kwa hiyo sisi tukae tutazame tu?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui."

Kasminah alirudi amekata tamaa kuliko alivyokwenda. Wakili mwenyewe hajui, atajua mfunga kope? Basi akaamua kuandika mwenyewe. Akaweka picha ya jicho la mumewe, akaeleza kwamba hakuiba mtoto wa mtu, akamtaja Ndaru kwa jina, akamwita mwongo na mnyonya damu. Yeye kampuni haikumchelewesha. Kesho yake picha ilikuwa imeondolewa, eti inatisha watazamaji. Ndaru alikuwa ameshaihifadhi, akaipeleka polisi kushtaki kwamba amechafuliwa jina. Sheria ya kuwabana wanaotukana mitandaoni ipo siku nyingi, na wengi tuliishangilia ilipokuja.

Kituoni askari alikuwa mtu mpole. "Tumalize kifamilia, mama. Usome karatasi ya radhi, tubandike stempu ya serikali, kijana akurekodi. Naye ataifuta ile yake."

"Usisome," Wening alimnong'oneza. "Twende mahakamani."

"Nikishindwa, nafungwa?"

"Inawezekana."

"Na Baba Rusmi atapikiwa na nani?"

Tena, kwetu kuomba radhi si kukiri kosa. Mgeni akimwaga chai, mwenye nyumba ndiye huomba radhi kwa kukiweka kikombe vibaya. Sikukuu ya Idi tunawapigia magoti hata waliotukosea, nao hutujibu, "Mimi ndiye mwenye makosa mengi." Mmoja huanza, mwingine hupokea, jambo likaisha. Kasminah alikulia humo, na moyoni alijua kabisa kwamba akianza yeye, kijana yule ataona haya na kumwomba radhi Sarpin.

Akasoma. "Mimi Kasminah naomba radhi kwa ndugu Ndaru kwa kuandika maneno yasiyo ya kweli." Akaishusha karatasi, akasubiri zamu ya mwenzake.

Ndaru alitazama simu yake. "Imeingia vizuri? Haya, mama, asante. Nenda salama."

Ile ya zamani aliifuta kweli. Lakini ilikuwa imeshanakiliwa na wengi, na kabla Kasminah hajashuka basi, watu walikuwa wameiunganisha na radhi yake: mke wa mwizi wa watoto akiri. Wening aliripoti. Haivunji kanuni.

Kasminah alimkuta Sarpin amekaa kitandani na simu ambayo binti yao Rusmi alimtumia kutoka Taiwan.

"Baba Rusmi, nilisoma vile ili yaishe."

"Nimekuona. Ulivaa ile blauzi ya kebaya, ya kijani." Alikuwa akiongea taratibu. "Umesema uliyoandika hayakuwa kweli. Si uliandika kwamba sikuiba?"

"Ilikuwa karatasi yao! Unanijua mimi, unajua nilivyo..."

"Kijiji kizima kikiamini, nilikuwa nasema sawa, waamini. Yupo mmoja ndani anayejua." Akaizima simu. "Wewe ndiye ulikuwa umebaki, mama."

"Nisamehe," Kasminah alisema, kabla hajafikiri.

Sarpin alimtazama kwa jicho lake moja, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu aliloliogopa, kisha akalala na kugeukia ukutani.