Chuma Kilichonilalia Kifuani

Leo niseme ukweli: sikuwa nimewahi kuinua chuma kizito maishani mwangu. Lakini pale karakana nilipofanya kazi, Nakuru, nilijisifu mpaka nikaitwa ukumbi wa mazoezi Jumamosi mchana nionyeshe nguvu. Hata Mzee Njoroge, baba wa msichana niliyetaka kumwoa, alishuka kutoka Dundori kuniona.

Otieno, aliyefundisha mazoezi hapo, alininong'oneza, "Anza na chuma kitupu, bwana."

"Weka uzito wote," nikajibu kwa sauti. "Na mtu asiniguse mpaka nimalize."

Nililala chali kwenye benchi, nikakishika chuma, kikanishukia kifuani. Nikasukuma. Hakikusogea hata kidogo.

"Ona vile amekistahimili!" mtu akasema, na watu wakaanza kuhesabu kwa pamoja. Nilipopiga miguu sakafuni kuomba msaada, walidhani ni mbwembwe, wakashangilia zaidi. Otieno alisimama kando, mikono nyuma, akitii amri yangu. Pumzi ilikuwa inaniishia.

Mzee Njoroge akaja akaniinamia. Ukumbi ukanyamaza.

"Kijana, unapumzika ama unakufa?"

"Nakufa, mzee," nikasema, na kila mtu akanisikia.